Mbwa wa Wifi Yangu

Wifi yangu alimleta yule mtoto wa mbwa siku ya Jumapili baada ya kanisa, ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia aliyoitoboa matundu kwa kisu. Alikuwa ametoka naye Ekero asubuhi hadi kwangu Khayega, na njia nzima, alisema, hakulia hata mara moja. Alilisema hilo kama sifa. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi, alipiga magoti sakafuni na kufungua katoni taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa.

"Senje, ni wangu?" aliuliza. Senje ndivyo watoto wa kwetu wanavyomwita dada ya baba.

"Ni wako. Baba yako alipendanga mbwa. Nikasema siwezi kuja mikono mitupu."

Mume wangu alikuwa amekufa miaka miwili kabla ya hapo. Lazima nieleze wifi huyu alikuwa nani kwangu, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Siku zote za matanga alilala sakafuni kando yangu, na asubuhi alikuwa akinichana nywele kama mtoto. Baada ya mazishi, kaka zake wakubwa walikuja na kamba kupima shamba, wakisema mimi ni mwanamke kijana, nitaolewa kwingine. Yeye ndiye aliyesimama katikati ya boma, kitenge kimefungwa kiunoni, akawaambia kwamba atakayepigilia kigingi hapo aanze kwa kumpigilia yeye. Walikunja kamba yao wakaenda. Shamba ninalolima mpaka leo, na nyumba ninamoandikia haya, ni kazi ya mdomo wake.

Kwa hiyo aliponiambia siku hiyo kwamba ameanza kufuga mbwa wa kizungu na kuuza watoto wao, nilifurahi kwa ajili yake. Miwa ilikuwa imeacha kulisha watu upande wao wa Mumias. Nilimpiga picha binti yangu akiwa amemkumbatia mbwa wake shavuni, nikaiweka kwenye simu ili watu waione. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Namba yangu wanayo walimu wenzangu na karibu kila mzazi wa darasa langu. Jioni hiyo hiyo walianza kuuliza: huyo mzuri umemtoa wapi? Nikawapa namba ya wifi. Niliwaambia ni mtu wangu, wasiwe na wasiwasi.

Ijumaa mbwa aliacha kula. Binti yangu alimpikia uji, akaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hadi kikombe, lakini aligeuza uso. Jumamosi asubuhi tulimkuta amelala kwenye kinyesi chake mwenyewe, na kinyesi kilikuwa damu. Nyumba nzima ilinuka harufu ambayo sijawahi kuisahau, tamu na mbovu kwa wakati mmoja.

Nilimwita daktari wa mifugo. Ni mwanamke wa rika langu, mfupi, anayeendesha pikipiki mwenyewe na kisanduku cha barafu kimefungwa nyuma. Alimlaza mbwa mezani juu ya gazeti, akamfungua mdomo, akatazama meno.

"Ana umri gani?" aliuliza.

"Miezi miwili na nusu. Amechanjwa."

"Nani amekuambia?"

Daktari akamfunika mbwa kwa kona ya kanga niliyokuwa nimempa.

"Huyu hajafika hata wiki sita, mwalimu. Chanjo hajaiona. Hakupaswa kuwa ametoka kwa mama yake. Hii ni parvo, ugonjwa wa kuharisha damu unaoua mbwa wasiochanjwa, na kwa mwili huu mdogo sijui kama nitaweza kitu." Alivuta dawa kwenye sindano huku akiendelea kuzungumza kwa sauti ya chini. "Huyu ni wa nne mwezi huu. Rangi moja, minyoo ile ile, tumbo lile lile. Kuna mahali wanafyatuliwa kama matofali. Mlimtoa wapi?"

"Sokoni," nilisema.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Aliniangalia, kisha akaangalia miguu yake.

Mbwa alikufa siku iliyofuata, kabla hatujaenda kanisani. Tulimchimbia shimo nyuma ya jiko. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha udongo, kwa hiyo kazi haikuchukua muda. Tulipomaliza binti yangu aliniuliza kwa nini nilimdanganya daktari. Nikamwambia senje yake ni mtu mwema na sitaki asemwe vibaya. Alitikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakusema amekubali.

Jumatatu, katika chumba cha walimu, mwenzangu anayefundisha darasa la tatu alikuwa amevimba macho. Mbwa aliyemnunua kwa wifi yangu alikuwa amekufa Ijumaa. "Na wako?" aliniuliza. Nikamwambia na wangu pia. "Basi ni bahati yetu mbaya sisi wawili," alisema, akanishika mkono. Niliuacha mkono wangu pale. Alikuwa akinifariji, na namba ya wifi aliipata kwangu.

Kufikia Alhamisi nilikuwa nimesikia habari za wengine watatu. Mmoja alikuwa wa mvulana wa darasani kwangu ambaye siku mbili hakuja shule kabisa. Nilimpigia wifi simu.

"Ni maji ya huko kwenu," alisema. "Watoto wangu wanatokanga hapa wazima."

"Wote, wifi? Nyumba tofauti, visima tofauti?"

"Mulamwa, mimi niko sokoni. Tutaongea."

Mulamwa ndilo neno letu la shemeji au wifi, na yeye aliponiita hivyo kwa kawaida sauti yake ilikuwa na kicheko ndani. Siku hiyo haikuwa nacho. Nikaamua kwenda Jumamosi bila kumwambia.

Sikuwa nimefika kwake tangu mazishi, yeye ndiye aliyekuwa akija kwetu. Nyumba yake iko ndani kidogo kutoka barabarani, miwa pande zote mbili, mingine imezeeka na kulala bila mtu wa kuikata. Nilibisha, hakuna aliyejibu. Ng'ambo ya ua, mzee mmoja alikuwa akipakia magunia ya mahindi kwenye pikapu yake, kofia ya mshono mweupe kichwani. Alinikaribisha kwa heshima, akaniuliza kama nimekuja kununua mbwa.

"Mwenye nyumba ni wifi yangu," nilisema.

Aliweka gunia chini. "Kama ni wifi yako, zunguka nyuma uone mwenyewe. Mimi nimeongea naye mpaka nimechoka. Asubuhi huwa nawapitishia maji hapa chini ya ua, kwa mpira wa kumwagilia. Sisi mbwa hatuwaingizi nyumbani, mama. Lakini siwezi kukaa nikala chakula changu nikiwasikia wanavyolia."

Nilizunguka. Nyuma kulikuwa na banda la kuku wa nyama ambalo nililikumbuka kutoka zamani, wakati marehemu mume wangu alipomsaidia dada yake kulijenga. Mabati yalikuwa yale yale. Harufu ilinikuta kabla sijafika, ikaniingia machoni mpaka nikatoa machozi bila kulia. Ndani, safu mbili za vizimba vya nyaya, vimeinuliwa kutoka ardhini ili uchafu uanguke chini. Sakafu yake pia ilikuwa nyaya. Nilihesabu majike tisa. Baadhi walikuwa na watoto, wamewalalia juu ya kipande cha gunia kilicholowa. Mmoja alikuwa na kucha ndefu zilizojikunja mpaka zikaingia kwenye nyama ya mguu. Maji yalikuwa kwenye mitungi iliyokatwa, ya kijani.

Nilitegemea kelele. Walibweka, ndiyo, lakini sauti zilikuwa zimekwisha, kama watu waliopiga kelele kwa miaka mingi na sasa wanatoa pumzi tu. Katika kizimba cha mwisho kulikuwa na jike la rangi ya kahawia ambalo halikubweka kabisa. Manyoya yalikuwa yamemtoka mgongoni. Chuchu zake zilining'inia mpaka kwenye nyaya. Jicho moja lilikuwa na utando mweupe. Niliposogea alijibana kwenye kona ya nyuma na kukaa hivyo, uso ukutani.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Nilisikia hatua nyuma yangu, nikageuka. Wifi alikuwa na mfuko wa vichwa vya kuku kutoka sokoni.

"Mulamwa. Hukusema unakuja."

"Ningesema, ningeyaona haya?"

Aliweka mfuko chini. Hakuonyesha aibu, na hilo liliniumiza zaidi kuliko kama angeanza kulia. Alionekana kuchoka tu, mwanamke aliyeamka mapema na bado ana kazi.

"Watoto uliowauzia watu wangu wamekufa," nilisema. "Na yule uliyemletea mtoto wa ndugu yako pia amekufa."

Hapo macho yake yalitikisika. "Hukuniambia huyo amekufa."

"Sikuweza kukwambia."

"Pole. Mwambie mtoto nimesema pole. Nitamletea mwingine."

"Hatutaki mwingine! Huyu wa kahawia amezaa mara ngapi?"

"Sijui. Kila akishika joto anapandishwa."

"Anapumzika lini?"

"Na mimi napumzika lini?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Wewe una mshahara wa serikali, mulamwa. Mimi miwa ilioza shambani na watoto wako shule ya bweni. Ulikuwa wapi? Nilijaribu kuku, wakafa. Nikajaribu mboga, nikala mimi mwenyewe. Mbwa ndio walisimama na mimi. Watu wenyewe wanataka. Wanapiga simu usiku na mchana wanataka mtoto wa mbwa, mdogo, mdogo kabisa, wakimwona amekua kidogo wanasema ni mkubwa. Nifanye nini?"

Mengi aliyosema yalikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilipompiga picha yule wa kwangu, nilichosifu ni udogo wake, jinsi alivyojaa kwenye kiganja cha binti yangu.

"Mama yake yuko wapi?" niliuliza. "Yule wa kwetu."

Alinyoosha kidole kwenye kizimba cha mwisho. "Huyo. Sasa hazai tena. Nilikuwa natafuta mtu wa kwenda kumtupa. Kama unamhurumia, mchukue."

Nikamchukua. Hakuniuma. Nilipomwinua alikojoa kwenye sketi yangu, akakakamaa kama kipande cha mbao. Nilisimama barabarani naye karibu saa nzima, waendesha boda boda wakinipungia mkono na kupita. Mwishowe yule mzee wa ng'ambo ya ua alitoka na pikapu yake, akielekea mjini Kakamega na mahindi. Alitandika turubai nyuma, akanisaidia kumpandisha.

"Turubai nitaiosha," alisema. "Panda mama, twende."

Aliupita mji akanifikisha mpaka kwangu Khayega, na hapo nilimweka mbwa chini kwenye nyasi za mbele ya nyumba. Hakutembea. Alinyanyua mguu mmoja, kisha mwingine, kama anayekanyaga majivu ya moto. Mguu wake haukujua nyasi. Alisimama mahali pamoja mpaka mvua ya alasiri ikaanza, na hata hapo hakujua kukimbilia kibarazani, ikabidi nimbebe. Binti yangu alikuwa ametoka kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimweleza yote, sikuficha. Alimtazama mbwa kwa muda mrefu bila kumgusa, akauliza kama alijua mtoto wake amekufa. Nilisema sidhani. Akaenda akaleta sweta yake ya zamani ya shule, akaitandika pembeni ya jiko, akarudi nyuma.

Siku iliyofuata daktari alikuja, na nikamwambia ukweli. Nilimwambia pia kwamba nilimdanganya. Hakushangaa. Alikuwa amechuchumaa akikata kucha za mbwa, na hakuinua kichwa.

"Nilijua si soko," alisema. "Sasa nisikilize. Kuna sheria ya kulinda wanyama wasitendewe hivi. Ukiandika yale uliyoyaona, kama shahidi, ninaweza kwenda na watu wa mifugo na polisi wiki hii hii. Wale nane waliobaki tunaweza kuwatoa. Lakini bila mtu aliyeingia ndani, ni maneno yangu tu."

"Nipe wiki moja," nilisema.

"Kwa nini?"

"Niongee naye kwanza. Huyu mwanamke ndiye aliyenishika nilipokuwa naanguka."

Daktari alikata ukucha wa mwisho. Damu kidogo ilitoka, akaibana kwa pamba. "Ni wifi yako na ni uamuzi wako," alisema. Hakunisukuma. Mara nyingi nimetamani angenisukuma.

Nilimpigia wifi siku ya Jumanne. Nilimwambia apunguze mbwa, awape nafasi, aache kuwapandisha kila mara, amwite daktari awachanje, nami nitamsaidia kwa ninachoweza. Nikaongeza kwamba kuna watu wanaotaka kuja kukagua. Nilidhani namwonya kama dada. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Nimekusikia," akakata simu.

Ijumaa yule mzee wa Ekero alinitafuta kwa simu. Tulikuwa tumepeana namba siku ya pikapu. Lori lilikuja asubuhi na mapema, alisema, likapakia vizimba vyote, majike na watoto, na banda sasa liko tupu. Mwenye lori hakumjua. Aliuliza tu linakoenda, dereva akamjibu Lugari.

Nilikuwa darasani niliposoma ujumbe wake, kwa hiyo nilitoka nje kumpigia. Nakumbuka nimesimama chini ya mfereji wa paa, watoto wakiimba jedwali la kuzidisha la saba ndani, na mimi nikijaribu kufikiri jike yule mwenye kucha zilizojikunja alisimamaje ndani ya lori katika barabara ile.

Wiki iliyofuata shule ilikuwa na mkutano wa wazazi. Nilimwomba mwalimu mkuu dakika kumi. Alidhani nataka kuzungumzia vitabu. Nilisimama mbele ya wazazi nikawaambia kwamba baadhi yao walinunua watoto wa mbwa kwa namba niliyowapa mimi, kwamba mbwa wale walitoka mahali nilipopaona baadaye kwa macho yangu, na nikaeleza mahali penyewe palivyo. Sikumtaja mtu. Niliomba msamaha.

Mtu nyuma akacheka, si kwa ubaya, ni kule kucheka kwa mtu ambaye hajui aweke wapi uso wake. Baba mmoja akasema, "Mwalimu, watu hawana unga na wewe umetuitia mbwa?" Kicheko kikaenea. Ndipo mama wa yule mvulana wa darasa langu akasimama.

"Mtoto wangu alimzika mbwa wake na nguo yake ya Krismasi," alisema. "Hakulala wiki mbili. Ulijua lini, mwalimu?"

Nikamwambia siku niliyojua.

"Na umenyamaza mpaka leo?"

"Ndiyo."

"Kumbe," alisema, akaketi.

Daktari alikuwa amekuja nami. Alizungumza kwa ufupi, kama anavyozungumza siku zote. Ukitaka mbwa, alisema, nenda mpaka alipozaliwa, uone mama yake, uone anapolala. Muuzaji akikuambia mkutane stendi au kando ya barabara, jua kuna kitu hataki ukione. Mtoto asitoke kwa mama yake kabla ya wiki nane. Na kabla hujanunua, tazama waliopo tayari hapa, nyuma ya bucha na kwenye jaa la soko, ambao wanahitaji tu chanjo na mahali pa kulala.

"Hao koko?" alisema yule baba wa unga. "Mbwa koko atalinda nini?"

"Wewe umewahi kupita nyuma ya bucha usiku?" daktari aliuliza. Mara hii walimcheka baba.

Tulifanya siku ya chanjo Jumamosi mbili baadaye kwenye uwanja wa shule. Watu walileta mbwa wao kwa kamba za katani na minyororo ya ng'ombe, na sisi tulikuwa tumekusanya wale wa sokoni tuliowaweza. Nilisema maneno yale yale tena na tena mpaka sauti ikanikauka. Wanne walipata nyumba siku hiyo, watoto watatu na jike moja la makamo. Mmoja alirudishwa baada ya siku chache kwa kula mayai. Mwalimu wa darasa la tatu alichukua jike. Aliniambia hilo kwa ujumbe wa simu ingawa meza zetu zinagusana. Tangu ule mkutano tunasalimiana, lakini mkono hajanishika tena.

Sikuwa nimemtaja wifi, lakini namba yake wengi walikuwa nayo. Habari ilimfikia mama mkwe wangu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikaitwa kikao cha nyumbani. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake, miguu ameifunika kwa shuka. Shemeji yangu mkubwa, yule yule wa kamba na vigingi, ndiye aliyezungumza.

"Umemwanika dada yetu mbele ya watu kwa sababu ya mbwa?"

Nilieleza nilichokiona. Nilisema kuhusu nyaya, kucha, maji. Mama mkwe alisikiliza, na nikaona amekunja uso kwenye sehemu ya maji. Kisha akavuta shuka juu ya magoti. Wifi alikuwa ameketi karibu na mlango, mikono mapajani. Nilimgeukia nikamwuliza mbwa wako wapi.

Hakunitazama. Aliwaambia wengine, "Wakati wa shamba nilimsimamia mimi peke yangu. Nyinyi nyote mlikuwa mnanipinga. Leo ndivyo amenisimamia."

Kaka yake akatazama chini, kwa sababu maneno yale yalimpiga naye pia. Kilipikwa kuku, kama desturi, wakasonga obusuma, ugali wetu, na nilikula kwa kuwa kutokula kungekuwa tusi jingine. Sikuhisi ladha ya chochote. Nilipoaga wifi alikuwa ameshaondoka kupitia mlango wa jikoni.

Tulienda Lugari, mimi na daktari, siku ya soko kule Matete, kwa pikipiki yake. Alikuwa amesikia kwa mwenzake kwamba kuna mtu upande huo anayeuza watoto wa mbwa. Tuliuliza kwa wauza mahindi, tukauliza kwenye duka la dawa za mifugo. Wote walikuwa wamesikia. Mwanamke mmoja anayeuza viazi vitamu alituonyesha hata picha kwenye simu, watoto wanne kwenye zulia safi. Anapokaa mtu huyo hakuna aliyejua. Anapigiwa, analeta mwenyewe. Tulimpigia kwa simu ya daktari, tukajifanya wanunuzi, tukaomba kuja nyumbani kuwaona. Akasema nyumbani kuna mgonjwa, tukutane barabarani. Daktari alipomsisitizia, alikata, na baada ya hapo namba haikupatikana. Tuliandika taarifa kituoni, mara hii nikatia sahihi bila kuomba wiki. Afisa aliipokea kwa heshima, akauliza mbwa hao wako kijiji gani. Hatukuweza kumjibu.

Jike la kahawia bado lipo. Mwezi wa kwanza alilala ameegemea ukuta. Sasa anatembea kwenye nyasi, polepole, na anapochoka anaketi hapo hapo alipo hata kama ni katikati ya njia. Akisikia bati likigongwa anakojoa. Jicho lile halioni. Binti yangu hakumpa jina kwa muda mrefu, na alipompa aliniomba nisilitumie ovyo, kwa hiyo hata hapa siliandiki. Hakumbatiani naye kama alivyomfanyia yule mtoto. Anakaa kando yake na kitabu, mkono mmoja chini, na siku nyingine mbwa anaweka kidevu juu ya mkono ule, siku nyingine haweki.

Krismasi wifi hakuja. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuzike. Nilimpigia, simu ikaita mpaka ikakatika. Binti yangu aliniuliza kama senje ametukasirikia sote au mimi tu. Nikamwambia ni mimi. Aliwaza kidogo, akaomba simu, akampigia yeye, na wifi akaishika. Walizungumza kuhusu mitihani na kuhusu sketi mpya. Niliendelea kumenya vitunguu nikisikiliza upande mmoja wa mazungumzo. Kuhusu mbwa hawakusema, au kama wifi aliuliza, mtoto hakuniambia.

Watu wananipigia sasa, hata nisiowajua. Wiki iliyopita alinipigia kijana mmoja wa mjini aliyeoa juzi, akasema yeye na mkewe wameona picha ya mtoto wa mbwa mzuri sana, na jirani amewaambia waniulize kwanza.

"Mmemwona mama yake?" nilimwuliza.

"Hapana. Muuzaji anasema tukutane stendi kesho saa nne."

"Basi msiende. Njooni hapa Khayega, kuna watatu wa sokoni, wamechanjwa, mtawashika wenyewe."

Nilisikia sauti ya mwanamke nyuma yake ikisema kitu, na yeye akifunika simu kwa mkono.

"Ni kwamba mke wangu ameshampenda huyu wa picha," alisema.

Nilimweleza upya, tangu mwanzo, banda, nyaya, daktari, mtoto wangu. Alinishukuru kwa adabu nyingi, akasema wataongea kisha watanijulisha. Kesho yake saa nne nilikuwa darasani, na simu ilikuwa mezani. Hakupiga. Jioni nilipompigia mimi aliniambia yuko kazini, atanitafuta baadaye, na nyuma yake nikasikia mtu akipiga mluzi ule mwembamba ambao watu huwapigia mbwa wadogo, au labda alikuwa anaita mtu.